Muulize Muuguzi: Si kila unga mweupe ni wa kusukutulia kinywa

Barua za vidonda vya mdomoni zimekuwa nyingi hata safari hii nimeweka maswali mengine yote pembeni. Nimeuguza wagonjwa wa saratani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Nimewaona wakivumilia sindano, wakivumilia kutapika, wakivumilia nywele kutoka, lakini mdomo ukishachubuka, chakula hakipiti, maji yanauma, ndipo wanaanza kusema "basi, niacheni". Ndiyo maana naomba mnivumilie nikijibu kwa kirefu.

Shikamoo dada muuguzi. Mama yangu ana miaka 61, ana saratani ya ulimi. Anapigwa mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, sasa ni wiki ya tatu. Mdomo umekuwa mwekundu, una vidonda ndani ya mashavu na pembeni mwa ulimi, mate yamekuwa mazito yanavutika. Majirani kila mmoja ana lake. Mmoja kasema nichemshe mwarobaini na karafuu, mwingine shabu, mwingine ndimu na chumvi. Kliniki walituambia tutumie chumvi na soda ya kupikia. Nimeenda dukani, muuzaji kanipa magadi, kasema ni kitu kile kile. Kabla sijamtia mama mdomoni nimeona nikuulize. Na je, hakuna dawa ya asili ya kuvikausha hivi vidonda? — Binti wa Tabata, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Magadi usimtie mama mdomoni, hata kidogo, hata yakichanganywa na maji mengi. Umefanya la maana sana kuuliza kwanza.

Magadi yana kaboneti ya sodiamu kwa wingi, hutoka kwenye maziwa ya chumvi kama Natron huku kwetu na Magadi kule Kenya, tena yakiwa yamebeba na takataka nyingine za ziwani. Tunayatia kwenye maharage makavu ili yaive upesi. Kitu chenye nguvu ya kulegeza ganda la haragwe kitaiunguza nyama ya mdomo ambayo ngozi yake ya juu imeshatoka. Unachokitafuta wewe ni bikaboneti ya sodiamu, ambayo ni pole zaidi kwa mbali. Ni unga laini, mkavu, haunuki, unauzwa kwenye pakiti au kikopo kidogo, na juu pameandikwa *bicarbonate of soda*. Duka la dawa pia wanao. Kwenye rafu hiyo hiyo kuna unga wa tatu, ule wa kuumulia keki ulioandikwa *baking powder*. Huo umechanganywa na tindikali na wanga ili keki iumuke, nao si wa mdomo. Kwa hiyo usiombe kwa jina la mtaani tu ukapokea utakachopewa. Soma pakiti mwenyewe, na kikiwa kimefungwa kwenye karatasi ya gazeti, kiache.

Sasa namna ya kutengeneza maji ya kusukutulia. Chemsha maji ya kunywa, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Nasema maji ya kunywa kwa sababu najua visima vingi vya Dar vinatoa maji ya chumvi, na ukiongeza chumvi juu ya chumvi mama ataruka. Pima lita moja. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti, vyote viwe vimesawazishwa juu, si vya mlima. Koroga mpaka vyote viyeyuke, weka kwenye chupa safi yenye kifuniko. Yaliyobaki kesho yake mwaga, tengeneza mengine. Ukikosa bikaboneti, maji ya chumvi peke yake yanafaa. Ukikosa vyote viwili, maji safi yaliyochemshwa yanafaa kuliko kukaa bila kusukutua.

Mama achukue funda, alizungushe polepole nusu dakika hivi, ateme, arudie mara mbili tatu, kisha amalizie na maji matupu. Asimeze. Afanye hivyo kila baada ya kula na kabla ya kulala, na katikati ya hapo kila baada ya saa mbili au tatu akiwa macho. Wengi hapa ndipo wanapokosea: wanasukutua asubuhi na jioni halafu wanalalamika kwamba maji ya chumvi hayasaidii. Usiku akiamka kwenda msalani naye apitishe funda moja. Kama anashindwa hata kuzungusha, chukua kipande cha shashi safi, kichovye kwenye maji hayo, umpanguse taratibu mashavu, ufizi na ulimi. Kama ana meno ya bandia, ayavue usiku, na vidonda vikizidi ayavue na mchana, ayavae wakati wa kula tu. Ikiwa maji ya kusukutulia yanamuuma, punguza chumvi kwanza, iwe nusu kijiko.

Nikueleze yanafanya kazi gani, maana usipojua utayaacha. Hayakaushi kidonda. Mionzi inaua chembe zinazokua kwa kasi, na ngozi ya ndani ya mdomo ni mojawapo kwa kuwa hujibadilisha kila baada ya siku chache. Mionzi ikiwa bado inaendelea, hakuna maji yoyote, ya duka la dawa wala ya mti, yatakayokiziba kidonda hicho leo. Kazi ya kusukutua ni kuondoa mabaki ya chakula, kulainisha yale mate mazito, kupunguza uchachu wa kinywa na kuwanyima bakteria na fangasi makao juu ya kidonda. Kidonda kisafi huuma kidogo na hakipati ugonjwa mwingine kirahisi. Hiyo pekee ni kubwa.

Kuhusu dawa za majirani, sizidharau, nami nimekulia kwenye nyumba iliyokuwa na mwarobaini uani. Lakini nizipitie. Karafuu ina mafuta yanayotia ganzi, na kwa jino bovu la mtu mwenye afya imesaidia karne nyingi. Mafuta hayo hayo yakigusa nyama iliyochubuka yanaunguza. Shabu inakaza na kukausha, na mama yako tayari tezi zake za mate zinapigwa na mionzi, kinywa chake kinahitaji unyevu. Ndimu ni tindikali, itamtoa machozi na kula meno yake, maana mate ndiyo yalikuwa yanayalinda. Mwarobaini uliochemshwa hauna kipimo: sufuria ya leo na ya kesho hazilingani ukali, na sijaona mgonjwa aliyesukutua mwarobaini bila kushawishika kuumeza na "wa tumbo". Kinachomezwa kinapita kwenye ini lile lile linaloshughulika na dawa za hospitali. Uacheni mpaka matibabu yaishe.

Na msikimbilie zile chupa za rangi za dukani za kuondoa harufu. Nyingi zina spiriti, zinakausha na kuunguza. Hata klorheksidini, ambayo madaktari wa meno huitoa kwa ugonjwa wa fizi, wataalamu wa kimataifa wa huduma kwa wagonjwa wa saratani hawaishauri kwa ajili ya kuzuia vidonda vya mionzi. Ipo dawa nyingine ya kusukutua iitwayo benzidamini, ambayo hupunguza uvimbe na maumivu. Muulize daktari wake kama inamfaa na kama inapatikana.

Mwanangu, jiandae pia kwa wiki zinazokuja. Vidonda vya mionzi ya kichwa na shingo huanza wiki ya pili au ya tatu, vikazidi kadiri dozi inavyopanda, na kwa kawaida vinakuwa vibaya zaidi kuelekea mwisho. Mionzi ikiisha havipoi kesho yake. Wengi huchukua wiki mbili hadi nne, wengine zaidi. Nakuambia haya ili usije ukadhani mama anarudi nyuma, ukamzuia asiende. Matibabu ya namna hii kwa kawaida ni siku tano kwa wiki kwa wiki sita au saba, na siku zikirukwa, saratani inapata nafasi ya kukua tena. Nimeona familia zikimpumzisha mgonjwa nyumbani kwa huruma "mpaka mdomo upone", na huruma ile ikawagharimu. Usimpumzishe kwa uamuzi wa nyumbani. Sema kliniki, kila wiki, bila kuona haya, kwamba mama anaumia.

Maana maumivu yana dawa. Asivumilie. Kuna vidonge vya kawaida, kuna dawa za kutia ganzi mdomoni kabla ya kula, na vikizidi ipo morfini ya maji, ambayo hutolewa na watu wanaoijua. Morfini haimaanishi kwamba mama amefika mwisho. Inamaanisha apate kumeza uji. Apewe dawa ya maumivu nusu saa au zaidi kabla ya chakula, ndipo mle wakati imeshika. Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto: uji wa ulezi uliopoa, uwekwe siagi ya karanga au maziwa, mtori, parachichi lililopondwa, mayai laini, viazi vilivyosagwa na mchuzi usio na pilipili. Ukwaju, ubuyu, nanasi na pilipili vingoje.

Mpeleke siku hiyo hiyo, si kesho, kama ana homa ya nyuzi 38 au zaidi, kama hawezi kumeza hata maji, kama damu inatoka mdomoni na haikatiki, au kama amekojoa kidogo sana mchana kutwa.

Bi Muuguzi, salaam aleikum. Mke wangu anatibiwa saratani ya titi kwa dripu za kemo, na ana sukari. Kila baada ya dripu, kama wiki moja hivi, midomo inamchubuka. Nimeambiwa asali mbichi ndiyo kiboko, nimeagiza lita tatu za Tabora. Naomba unipe kipimo chake. — Mume mwenye wasiwasi, Mombasa

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Asali ni nzuri na waliokuambia hawakuzusha. Mwaka 2003 walichapisha utafiti huko Malaysia wa wagonjwa 40 waliopigwa mionzi ya kichwa na shingo: waliopewa asali ya kuzungusha mdomoni na kumeza polepole, kabla na baada ya mionzi, walipata vidonda vikali wachache kuliko wenzao. Zikafuata nyingine, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 wa jopo la MASCC na ISOO, vyama vya wataalamu wa huduma kwa wagonjwa wa saratani na vinywa vyao, ukaitaja asali miongoni mwa vitu vinavyoweza kupendekezwa kuzuia vidonda hivyo. Lakini soma vizuri: ni wagonjwa wa mionzi ya kichwa na shingo. Mkeo ana saratani ya titi na yuko kwenye kemo. Na ana sukari. Kwa hiyo kipimo sitakupa, jibu langu ni asitumie.

Mbali na sukari kupanda, kuna jambo la pili. Wiki moja hadi mbili baada ya dripu ndipo chembe nyeupe za damu zinapokuwa chini kabisa, na ndipo midomo yake inapochubuka, kama ulivyoona mwenyewe. Wakati huo asali mbichi, ambayo haikupashwa moto na hujui ilikamuliwa wapi, inaweza kubeba vijidudu ambavyo mtu mzima mwenye afya hata asingevihisi. Hizo lita tatu kaa nazo, wapeni watoto waliozidi mwaka mmoja na wageni.

Kwake yeye rudi kwenye maji ya chumvi na bikaboneti niliyomweleza binti wa Tabata, lakini aanze siku ile ile ya dripu, asingoje mdomo uchubuke. Mswaki laini kuliko yote dukani, uloweke kwenye maji ya moto kwanza ili ulegee zaidi. Midomo ya nje apake mafuta mazito mara kwa mara. Sukari yake ikidhibitiwa vizuri na mdomo utapona upesi, kwa hiyo vipimo vya asubuhi msiviache kwa sababu mna saratani ya kushughulikia.

Mtasikia pia habari za barafu, nazo zina ukweli. Mgonjwa akinyonya vipande vya barafu tangu dakika tano kabla ya dawa kuingia mpaka nusu saa ipite, mishipa ya mdomo hujikaza na dawa kidogo tu ndiyo hufika hapo. Hiyo imethibitika kwa dawa inayosukumwa kwa haraka iitwayo florourasili. Haisaidii kwa kila dripu, na kwa dawa iitwayo oksaliplatini baridi ni marufuku, inaleta mkazo wa koo wa kutisha. Uliza jina la dawa ya mkeo kabla ya kubeba barafu. Mkiambiwa ifanyeni, igandisheni wenyewe kwa maji yaliyochemshwa. Ile ya mifuko ya barabarani hapana.

Na akipata homa ya nyuzi 38 katika wiki hizo mbili, msimpe panadoli mkalala. Nendeni hospitali usiku huo huo na mtaje tarehe ya dripu ya mwisho mlangoni kabla ya kuulizwa.

Shikamoo. Baba anamaliza kemo ya nne. Ulimi umekuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Tunaukwangua kwa kijiko na chumvi kavu, unatoka damu, kesho umerudi. — Kijana wa Mwanza

Marahaba. Acheni kukwangua leo. Kwa maelezo yako huo unafanana na fangasi, ambao hujitokeza kinga ikishuka, na chumvi kavu inamfungulia tu mlango wa kuingia ndani zaidi. Maji ya kusukutua hayatautoa peke yake. Anahitaji dawa ya fangasi: mara nyingi ni nistatini ya maji, anaizungusha mdomoni muda mrefu kisha anaimeza, mara nne kwa siku, bila kula wala kunywa kwa muda baada yake, au vidonge vya flukonazoli ambavyo daktari ataangalia kama havigongani na dawa zake nyingine. Vyote ni dawa za kawaida, hospitali ya Bugando hapo Mwanza wanavijua kama wanavyojua majina yao. Akiwa anatumia nistatini, asukutue chumvi na bikaboneti kwanza, ndipo dawa ifuate, asije akaiosha. Meno ya bandia kama anayo yaloweke na kuyasugua kila siku, la sivyo fangasi watakuwa wanakaa humo wakisubiri. Na akianza kusema chakula kinamkwama kifuani au kinauma kikishuka, fangasi huenda wameshafika kwenye umio, yaani njia ya chakula kwenda tumboni. Hiyo ni safari ya hospitali.

Dada, mzee wangu hataki mswaki wa plastiki, amezoea mswaki wa mti tangu utotoni. Sasa anaumwa mdomo kwa kemo. Nimnyang'anye? — Tanga

Usimnyang'anye, mzee wa watu ana haki na mazoea yake, na mswaki wa mti unasafisha kweli. Lakini kwa wiki hizi za vidonda unyuzi wake ni mgumu, na kama chembe zinazogandisha damu zimeshuka, ufizi utavuja. Mwombe aupumzishe mpaka mdomo upone, atumie shashi yenye maji ya chumvi na bikaboneti. Akipona, akate kipande kipya, akitafune kilegee kwanza. Kile cha zamani kitupwe.

Mimi nilimaliza mionzi ya shingo mwaka juzi, namshukuru Mungu niko salama. Ila mdomo umekauka, usiku ulimi unanata juu, na meno ya nyuma yameanza kuoza. Fundi wa meno hapa mtaani ameniambia anayang'oa yote mawili Jumamosi. Naomba pia unipe maji ya asili ya kurudisha mate. — Morogoro

Ndugu yangu, usiende Jumamosi. Naandika hili kwa herufi zote nilizo nazo.

Mfupa wa taya uliopita kwenye mionzi hupoteza sehemu ya mishipa yake ya damu, na hali hiyo haiishi mwaka wala miwili, hubaki. Jino liking'olewa hapo, shimo linaweza kukataa kufunga, mfupa ukabaki wazi na kufa taratibu. Nimewauguza watu wa namna hiyo, na ni mateso ambayo yangeweza kuzuilika. Ndiyo sababu kabla ya mionzi ya kichwa na shingo mgonjwa hupelekwa kwa daktari wa meno, meno mabovu yang'olewe na kupona kwanza. Wasomaji ambao bado hamjaanza mionzi, ombeni hilo kabla ya siku ya kwanza.

Wewe unahitaji daktari wa meno wa hospitali kubwa, na bora awasiliane na waliokupa mionzi. Mara nyingi jino kama hilo wanajaribu kuliziba au kutibu mzizi badala ya kuling'oa. Likibidi kutoka, watalitoa kwa tahadhari zake.

Kuhusu mate, hakuna maji ya kusukutua yatakayoyarudisha. Tezi zilizoungua hurudi kidogo kidogo au hazirudi kabisa. Yale maji ya chumvi na bikaboneti yatakusaidia kulainisha na kupunguza tindikali, kwa hiyo yatumie baada ya kila mlo. Tembea na chupa ya maji, unywe funda dogo dogo. Usiku weka beseni la maji chumbani kama hewa ni kavu, na lala mdomo umefumbwa kadiri unavyoweza. Tafuna bazoka isiyo na sukari kuamsha mate yaliyobaki. Pipi, soda na chai yenye sukari nyingi viache, kwa kuwa bila mate sukari inakaa kwenye jino mpaka inalitoboa. Piga mswaki mara mbili kwa dawa yenye floraidi, teme bila kusuuza kwa maji, na muulize daktari kuhusu jeli yenye floraidi nyingi zaidi.

Kabla ya kwenda, pitia kliniki ulikotibiwa uombe karatasi inayoonyesha ulipigwa mionzi sehemu gani, lini na dozi kiasi gani. Piga nakala mbili. Moja mpe daktari wa meno, nyingine kaa nayo, maana utaihitaji kila mtu atakapotaka kugusa meno yako.